Bumu la siku 60 limekata siku ya 43. Tatizo ni sisi, ni bei, au ni nyumbani?

#1 Mwana wa Kilombero
Habari za jioni wadau.

Niko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar. Leo ni siku ya 43 tangu tusaini bumu, ile fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, elfu kumi kwa siku, laki sita kwa siku 60, na kwenye simu nimebaki na 1,150. Sibeti, sinywi, sijanunua hata soksi. Tangu nifike chuo naandika kila shilingi kwenye kauntabuku, na jioni hii nimekaa kitandani nikajumlisha kurasa zote.

600,000 imekwenda hivi: kodi ya geto 180,000 (chumba tuko wawili, kila mmoja 30,000 kwa mwezi, mwenye nyumba hapokei chini ya miezi sita), nyumbani 120,000, nauli 44,400, yaani 1,200 kwenda na kurudi kwa siku 37, steshenari 38,000, bando 32,000. Iliyobaki ni 185,600, toa hiyo 1,150 ya kwenye simu, nimekula 184,450. Gawanya kwa siku 43, inakuja 4,290 hivi. Hiyo elfu kumi ya kila siku mimi sijawahi kuiona mezani.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu Mei Mosi ya 2025. Pale Singida Rais alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Nimefurahi kwa dhati, mjomba wangu ni mhudumu wa ofisi halmashauri na ana watoto watano. Lakini usiku ule chumbani tuliulizana: sisi je?

Halafu nikajiuliza swali gumu zaidi. Hata wakiongeza, kwangu itafika siku ya 60? Nahisi bumu halijawahi kuwa la mtu mmoja. Aliyepiga hesabu ya elfu kumi alimpigia kijana anayekula, kulala na kusoma. Hakumpigia kijana ambaye ndiye wa kwanza kwenye ukoo wake kushika laki sita kwa mkupuo.

Semeni ukweli wenu: lenu lilikata siku ya ngapi, na liliishia wapi?

#2 Jirani wa Mabibo
Siku ya 43? Mkuu wewe ni tajiri. Langu lilikata siku ya 19 na sina hata daftari la kunionyesha lilikokwenda.

#3 Mhasibu wa Kijiji
Mtoa mada, nakupongeza kwa kuandika, wengi hawaandiki. Ila kuna kosa kwenye hesabu yako. Kodi uliyolipa ni ya miezi sita. Katika siku hizi 60 umekalia 60,000 tu. Ile 120,000 nyingine ni ya miezi minne ijayo. Ungeitoa, ungebaki na pesa ya kukufikisha siku ya 60 na chenji juu.

Kwa hiyo bumu lako linatosha, ila mwenye nyumba ameliwahi. Tatizo la wanafunzi wengi ni hilo: fedha inakuja vipande vya siku 60, kodi inadaiwa vipande vya siku 180.

#4 Mwana wa Kilombero
#3 asante sana, hapo umenifungua macho. Nimeiandika pembeni kwa kalamu nyekundu.

Ila bumu lijalo halitakuwa na nafasi. Mkopo wangu unalipa asilimia 80 ya ada, asilimia 20 natafuta mwenyewe, na bila kumaliza siingii chumba cha mtihani. Kila bumu lina mtu wake anayelisubiri.

#5 Dada wa Sinza
Mnapiga hesabu za wanaume. Daftari la mtoa mada halina taulo za kike hata mstari mmoja. Mimi pakiti mbili kila mwezi, na mwezi wa maumivu naongeza dawa.

Mnakumbuka mwaka 2018 serikali iliziondolea VAT? Mwaka uliofuata ikarudishwa, kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Nilikuwa sekondari. Dukani kwetu bei ilikaa vilevile kodi ilipoondoka na ilipandishwa kodi iliporudi. Bumu letu ni sawa na lenu, lakini siku zetu hazifanani na zenu.

#6 Jirani wa Mabibo
#5 umenena. Dada zangu watatu, sikuwahi kufikiria hilo.

#7 Mstaafu wa Mlimani
Vijana hamjambo. Mimi nilimaliza 1989. Tulikula kafeteria, chumba tulipewa, na posho ya vitabu juu. Hakuna aliyejua bei ya nyanya. Sera ya kuchangia gharama ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndipo mwanafunzi akaanza kuwa mkuu wa kaya.

Hata hivyo msisahau mmesogezwa. Tangu 2021 mnapata elfu kumi, waliowatangulia walipata 8,500.

#8 Nondo za Uchumi
Shikamoo mzee wangu. Marekebisho madogo: elfu kumi ilianza mwaka wa masomo 2022/23. Kabla yake ni hiyo 8,500, ndiyo maana kaka zetu walizoea kuimba "mia tano na kumi", 8,500 mara 60 ni 510,000.

Sasa tuangalie thamani. Mfumuko wa bei mwaka 2023 ulikuwa wastani wa asilimia 3.8, mwaka 2024 asilimia 3.1. Kwa miaka hiyo miwili tu, elfu kumi ya mwisho wa 2024 inanunua kile ambacho 9,350 hivi ilinunua mwisho wa 2022. Si janga. Ukiniuliza kama bei ndiyo imeua bumu, takwimu za taifa zinasema hapana.

Lakini kapu la taifa si kapu la mwanafunzi. Takwimu inachanganya samani, vyombo, mavazi, mambo chungu nzima. Mwanafunzi ana vitu vitano: sahani ya chakula, nauli, bando, chumba, fotokopi. Daladala za safari fupi hapa Dar zilipanda kutoka 500 hadi 600 Desemba 2023. Hiyo ni asilimia 20 kwa siku moja.

#9 Mstaafu wa Mlimani
Marahaba. Nimekubali sahihisho.

#10 Binti wa Mama Ntilie
Ngoja niseme kwa upande wa chungu, maana mnaizungumzia sahani kama vile inajipika.

Mama yangu anauza chakula jirani na geti la chuo, mwaka wa 14 huu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, na Indonesia ikazuia mawese kutoka mwezi wa nne, mafuta ya kula yalipanda mpaka tukaacha kununua dumu la lita 20, tukawa tunapimiwa. Mama hakupandisha bei ya chapati. Alipunguza donge. Mimi ndiye niliyekuwa nakata: kilo ya unga ilikuwa inatoa chapati 10, mwaka ule tukaifikisha 14. Ukiinua chapati kwenye taa unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.

Mwanzoni mwa 2024 ikaja sukari. Mvua za El Niño zilisimamisha viwanda, Bodi ya Sukari ikaweka bei elekezi kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo, sisi mtaani tulinunua 4,500. Mama akaondoa kikopo cha sukari mezani, akawa anatia mwenyewe jikoni, vijiko viwili, basi. Sukari ilishuka. Mafuta yalishuka. Lakini kikopo hakijarudi mezani, na donge la chapati halijarudi lilivyokuwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema wateja wameshazoea, na yeye ana ada ya mdogo wangu.

Kwa hiyo #8, hesabu yako ni sahihi, ila sahani ya 2,000 ya leo si sahani ya 2,000 ya 2021. Bei imesimama, chakula kimepungua.

#11 Nondo za Uchumi
#10 hiki ulichoandika sijakikuta kwenye kitabu chochote darasani. Naomba ruhusa niende nacho kwenye semina ya Alhamisi.

#12 Binti wa Mama Ntilie
Nenda nacho, na uje ule. Jumatano tuna makande.

#13 Mkeka Ulichanika
Mtoa mada umesema hubeti, hongera. Nataka niseme kwa ajili ya wale walionyamaza.

Mwaka jana bumu liliingia Jumanne mchana. Jumamosi usiku nilikuwa nimebaki na 210,000. Sikununua kitu. Nilianza na mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa 5,000 kwa timu nne, ukachanika, nikaweka 10,000 kurudisha, halafu 30,000 kurudisha ile 10,000. Siku ya Jumamosi nilikuwa nimeshika simu chini ya dawati kwenye mjadala wa kikundi, naangalia mpira wa nchi ambayo siwezi kutaja mji wake mmoja. Dakika ya 88 bao likaingia upande usio wangu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia.

Nimeacha tangu Novemba. Lakini hosteli yetu, ghorofa yetu, ukiuliza bumu limeishia wapi, vyumba sita kati ya kumi watakuambia chakula, na si kweli.

#14 Kimya Kingi
Hii ndiyo sababu kuu, mengine ni maneno. Wazazi wanajua watoto wanasoma, kumbe mikeka.

#15 Dada wa Sinza
#14 usimbebeshe kila mtu. #13 amefunua kidonda chake, mtoa mada amekuonyesha daftari. Hayo ni mambo mawili tofauti.

#13 pole sana kaka, na asante.

#16 Komredi wa Eldoret
Salamu kutoka Kenya. Nyinyi mna bahati mnajua bumu ni la siku ngapi. Huku pesa ya matumizi ya HELB, bodi yetu ya mikopo, ikiingia, inaingia ya muhula, ujipange mwenyewe hadi mwisho. Mtindo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 ulitupanga kwa makundi matano kulingana na mapato ya nyumbani. Mimi mama anauza mitumba, nikawekwa kundi la nne. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mtindo huo unakiuka katiba, lakini sisi tuliokuwa ndani yake tayari tulishalipa kwa kuuza ng'ombe.

Watu waliona Juni 2024 tukijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha wakadhani ni siasa tu. Kwangu ilianzia kwa mkate. Mswada ulikuja na VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Waliuondoa mkate mapema, lakini tulikuwa tumeshausoma mswada wote, ukurasa kwa ukurasa, kwa simu. Tarehe 26 Rais akakataa kuutia sahihi. Kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Nikila mkate asubuhi nawakumbuka.

#17 Mwana wa Kilombero
#16 poleni sana ndugu zetu. Tulifuatilia kila siku.

#18 Bajaji ya Ubungo
Naomba kuchangia, ingawa sikufika chuo. Mimi nabeba wanafunzi kila siku. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakitoa bei mpya za mafuta, asubuhi ile abiria wa kwanza ananiuliza "vipi, imepanda?" Ikipanda, nauli inapanda kabla ya saa nne. Ikishuka tunakaa wiki nzima tunaangaliana. Nasema ukweli, nami nina marejesho ya bajaji kila siku kwa tajiri.

Nilichokiona: wiki ya bumu wanafunzi wanapanda bajaji mmoja mmoja. Wiki ya tano wanapanda watatu. Wiki ya saba nawapita wakitembea kwa miguu, na nawajua kwa sura. Siku nyingine nawachukua bure tukiwa njia moja.

#19 Jirani wa Mabibo
#18 wiki ya saba mimi ni yule wa begi la bluu. Mungu akubariki.

#20 Mstaafu wa Mlimani
Hili la mshahara na wanafunzi limenikumbusha jambo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walivaa majoho wakaandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya JKT, mojawapo likiwa kubaki na asilimia 40 tu ya mshahara wakati wa utumishi ule. Mwalimu akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema na mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20 palepale, na wanafunzi akawarudisha makwao. Kaka yangu mkubwa alikuwamo, alirudi kijijini na joho ndani ya mkoba. Baba hakusema naye mwezi mzima.

Siku zote nawaza: kijiji kilikuwa kimechanga ng'ombe ili yeye asome. Hata wakati ule, hakuwa mwanafunzi wa mtu mmoja. Mtoa mada hajavumbua jambo jipya, amelipata tu lilipokuwa.

#21 Kimya Kingi
Mzee, na neno "bumu" lilitoka wapi? Tuliambiwa ni kwa sababu linalipuka mara moja na kupotea.

#22 Mstaafu wa Mlimani
Mimi nilidhani ni wakati ule bei ya kahawa ilipopaa, 1976 na 1977, baada ya baridi kuua mikahawa ya Brazili. Mwenye kahawa alipata fedha nyingi kwa msimu mmoja. Ila hayo ni mawazo yangu.

#23 Nondo za Uchumi
Babu yangu Moshi alijenga nyumba ya bati msimu huo huo. Hadi leo anaiita nyumba ya kahawa.

#24 Sauti ya Usiku
Turudi kwenye mada. Hakuna aliyetaja mikopo ya simu. Siku ya 40 kwenda mbele, wengi tunaishi kwa hiyo.

Niliomba 50,000 kwenye programu moja, ikaingia 36,000, wakasema iliyobaki ni huduma. Siku ya saba wakataka 57,000. Siku ya nane wakaanza kutuma ujumbe kwa namba zilizo kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli. Wa kwanza kupokea alikuwa mchungaji wetu. Wa pili, mama. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku majukwaa 69 ya namna hiyo yasiyo na leseni, nikalia kwa furaha mbele ya mwenzangu wa chumba. Lakini ujumbe ukishafika kwa mama haurudi.

Bumu lililofuata nililipa madeni matano kabla sijanunua sabuni. Kwa hiyo #1 swali lako mimi nalijibu hivi: bumu langu lilikata kabla halijaingia.

#25 Mkeka Ulichanika
#24 tuko pamoja. Nicheki pembeni ukizidiwa, hata kama ni kuongea tu.

#26 Mwajiriwa Mpya
Wadogo zangu, msisahau hilo ni deni. Sasa niko kazini mwaka wa pili, katika kila laki ya mshahara wangu wa msingi 15,000 inakwenda Bodi. Ukituma 120,000 nyumbani leo, utailipa kesho na asilimia 6 ya kulinda thamani juu yake.

#27 Mhasibu wa Kijiji
#26 asilimia 15 ni kweli, ilipanda kutoka 8 mwaka 2016. Ile 6 haipo tena, ilifutwa 2021, ilitangazwa Mei Mosi ya Mwanza. Angalia taarifa ya deni lako upya.

#28 Mwajiriwa Mpya
Nimeangalia, uko sahihi. Asante mkuu. Ila hoja inabaki: unaisaidia familia kwa deni.

#29 Kimya Kingi
Ndiyo maana nasema usitume. Jenga kwanza msingi wako, ukipata kazi utawasaidia wote. Ukituma sasa unajichelewesha, na wao wanazoea.

#30 Mwana wa Kilombero
#29 nimekusoma mara mbili. Ngoja nieleze hiyo 120,000.

Baba analima mpunga. Mvua za 2024 mto ulitoka kingoni, ukakaa shambani wiki mbili, hakuvuna gunia. Mwaka huu amelima kwa kukopa, na mpunga wa mkopo unauzwa ukiwa bado mbichi. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Ada hakuna tangu 2016, kweli, lakini shule iko mbali, amepanga chumba na wenzake, na chumba hakina sera. Siku ya 6 baada ya kusaini, baba alipiga simu. Hakuomba. Aliuliza kama nimeshakula, akauliza Dar kuna mvua, akanyamaza. Kwenye ule ukimya nikamsikia kuku anaparura karibu na simu. Nikasema, baba, kesho natuma kidogo.

Sasa niambie ningeanzia wapi kumweleza habari ya msingi wangu.

#31 Mzazi wa Songea
Wanangu, mimi ni yule baba wa upande wa pili wa simu. Nasoma huu uzi tangu juzi, mwanangu ndiye aliyenitumia.

Nalima mahindi. Mbolea ya ruzuku iliyokuja tangu 2022 imetusaidia, lakini bei ya mahindi wakati wa kuvuna haisubiri mtu. Kijana wangu wa kwanza alikuwa chuo, alituma 80,000 kwa ajili ya dada yake. Sisi tulishukuru, tukaamini chuo anapewa kila kitu, kwa sababu kama serikali imempa laki sita, nani huku amewahi kupewa laki sita?

Alipokuja likizo alivua shati aoge. Nikauona mkanda wake. Ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari wa moto, na kingo za matundu zilikuwa nyeusi. Sikumwuliza, naye hakusema. Tangu siku ile akipiga kutaka kutuma, namwambia tumeshauza debe mbili, tuko vizuri. Mara nyingine ni kweli.

Kijana wa Kilombero, baba yako aliponyamaza huenda hakuwa anaomba. Huenda alikuwa anatafuta namna ya kukuambia usitume, akaikosa.

#32 Dada wa Sinza
Mzee, shikamoo. Nimeisoma nikiwa kwenye daladala na nimepitiliza kituo.

#33 Jirani wa Mabibo
Nimempigia baba. Ameuliza kuna nini, nikasema nakusalimia tu. Hakuamini.

#34 Kimya Kingi
#31 shikamoo mzee. Bado naamini kijana ajijenge kwanza, ila lile neno "wanazoea" nalifuta.

#35 Geto la Nne
Kwa upande wa vitendo: sisi tuko wanne, kila mmoja anachanga 2,500 kwa siku, tunapika. Elfu kumi inatosha uji asubuhi na ugali au wali jioni, nyama Jumapili. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatuchukua siku 18 kama maharage yamelowekwa usiku. Mchana ni pasi ndefu, yaani hatuli. Bumu lililopita lilifika siku ya 58.

Ila fedha ikichelewa kuingia hata sisi tunalala. Siku 60 zikiwa 75, ile 10,000 ni 8,000, hesabu rahisi. Naona hapa ndipo penye tatizo, kuliko bei na kuliko nyumbani.

#36 Nondo za Uchumi
#35 umeleta sababu ya sita sasa: kodi ya miezi sita, kapu la bei, chapati iliyopungua, mikeka, mikopo ya simu, nyumbani, na hii ya tarehe. Samahani, ni saba.

#37 Mgeni wa Changanyikeni
#35 mkuu, hilo geto lenu lina nafasi muhula ujao? Ninahama ninapokaa, mwenye nyumba anataka mwaka mzima.

#38 Mwana wa Kilombero
Salamu wote, nimerudi baada ya wiki tatu na ushee.

Tarehe 12 Juni 2025 tulisikiliza bajeti ya serikali tukiwa kwa mama ntilie, watu kama 20 kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Trilioni 56.49. Kila aliyepita aliuliza "bumu vipi?", na mwenye simu alikuwa anatuonyesha kiganja, tusubiri.

Kuanzia siku ya 44 nilikula kwa daftari la mama huyo, na kwake hakuna riba. Siku moja alinipa sahani bila kuandika, nikamkumbusha, akasema kalamu imeisha wino. Ilikuwa mfukoni mwake, naiona.

Nilimpigia baba, nikamsomea ile ya mzee wa Songea neno kwa neno. Alikaa kimya kama kawaida yake. Halafu akauliza huyo mzee analima ekari ngapi.

Jana tumesaini. Nimefungua ukurasa mpya. Mstari wa kwanza: mama ntilie, 61,500. Wa pili: asilimia 20 ya ada. Wa tatu nimeuacha wazi, mdogo wangu anafunga shule wiki ijayo na hajasema kama ana nauli.

#39 Mzazi wa Songea
Mwambie ekari tatu, mbili za kukodi. Na umpe namba yangu, nitakutumia pembeni.

#40 Geto la Nne
#37 nafasi ipo moja, mwenzetu anakwenda field Mtwara kuanzia Julai. Uje na godoro lako, na uwe unajua kuloweka maharage.